Andaa Seva kwa Ajili ya Simu ya Kisegi

Tarehe 9 Januari 2025, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, ya mwaka 2024 yalipotangazwa jijini Nairobi, watahiniwa zaidi ya 960,000 walielekezwa kwenye tovuti moja ya Baraza la Mitihani, KNEC. Kila mmoja alihitaji kuandika nambari yake ya mtihani na jina lake. Kwa miaka mingi kabla ya hapo matokeo yalikuwa yakitafutwa kwa ujumbe mfupi, ambao hata simu ya kitochi huupata. Tovuti inadai zaidi: inataka bando, inataka kivinjari, na nyuma yake inataka seva inayoweza kuhimili watahiniwa, wazazi, walimu wakuu na wenye saiba wanaobonyeza kwa wakati mmoja.

Chukua maombi mawili yanayoifikia seva ya aina hiyo katika sekunde ileile. Moja limetoka Westlands, Nairobi, kwenye faiba. Jingine limetoka Kisegi, pande za ziwa ambako Homa Bay na Migori zinapakana, kwenye simu iliyoshika mnara wa mbali. Tuseme la Westlands linamalizika kwa sehemu ya tano ya sekunde. La Kisegi, paketi zikipotea na kutumwa upya, linaweza kuchukua sekunde nne. Ukurasa ni uleule, baiti ni zilezile, lakini simu ya Kisegi imekalia nafasi ndani ya seva mara 20 zaidi.

Hesabu yake ni fupi: idadi ya miunganisho iliyo wazi ni maombi ya kila sekunde mara muda ambao kila ombi linachukua. Maombi 500 kwa sekunde, yakimalizika kwa sekunde 0.2, yanakalia nafasi 100. Maombi hayohayo 500 yakichukua sekunde 4 yanakalia nafasi 2,000. Idadi ya wageni haijabadilika hata kidogo. Ndiyo maana seva iliyofaulu majaribio yote ofisini Nairobi huja kuzama siku ambayo nchi nzima inaitembelea.

Makala haya ni kwa wanaotunza seva za Linux zenye siku zao za msongamano: tovuti ya matokeo, ya maombi ya basari ya kaunti, ya Sacco siku ya gawio, au mfumo wa afya ambamo zahanati huingiza ripoti za kila mwezi. Ushauri wangu ni mmoja na mengine yote yanatokana nao: panga seva ukimlenga mteja mwenye mtandao dhaifu kuliko wote, na usiguse kigezo chochote kabla hujapima.

Pima kabla ya kugusa

Orodha za mistari thelathini ya `sysctl` za kunakili na kubandika ni nyingi, na baadhi ziliandikwa enzi za kerneli 2.6. Kerneli za leo zimekwisha kurekebisha mengi kati ya hayo zenyewe, na mistari mingine ina madhara. Kwa hiyo anza na amri nne.

Ya kwanza ni `ss -lnt`, inayoonyesha soketi zinazosubiri wageni. Tazama mstari wa poti 443. Safu ya Recv-Q ni idadi ya miunganisho iliyokwisha kukamilika lakini programu yako haijaipokea. Send-Q ni ukomo wa foleni hiyo. Recv-Q ikikaa sifuri, foleni haina shida na huna haja ya kuiongeza. Ikipanda mpaka kuikaribia Send-Q, umepata mahali pa kuanzia.

Ya pili ni `nstat -az TcpExtListenOverflows TcpExtListenDrops`. Hizi ni hesabu za mara ambazo foleni ilijaa na mgeni akaachwa nje. Usiangalie ukubwa wa namba pekee, kwani huanza kuhesabiwa mashine inapowaka. Angalia kama inaongezeka wakati wa msongamano.

Ya tatu ni `ss -s`, inayojumlisha miunganisho kwa hali zake: iliyo hai, inayofungwa, na iliyo katika TIME-WAIT. Ya nne ni `dmesg`, ambako kerneli hulalamika waziwazi, kwa mfano inapoandika `nf_conntrack: table full, dropping packet`. Pamoja na hizi, soma faili la makosa la nginx au Apache. Ukikuta `Too many open files`, tatizo lako limejitaja lenyewe.

Andika namba hizi asubuhi yenye utulivu, kisha uziandike tena wakati wa msongamano. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili itakufaa kuliko orodha yoyote ya kubandika.

Foleni mbili mlangoni

Muunganisho wa TCP hupita foleni mbili kabla programu haijauona, kama mgonjwa anayeandikishwa kwenye dirisha la zahanati kisha akakaa benchi nje ya mlango wa daktari. Foleni ya kwanza ni ya walioomba kuunganishwa lakini hawajamaliza salamu za TCP. Ya pili ni ya waliomaliza na wanangoja programu iwaite.

Foleni ya pili ndiyo hujaa mara nyingi. Ukomo wake ni namba iliyo ndogo kati ya mbili: ile iliyoombwa na programu na ile ya kerneli, `net.core.somaxconn`. Kabla ya kerneli 5.4, chaguo-msingi la kerneli lilikuwa 128 tu; tangu hapo ni 4,096. Nginx na Apache kwenye Linux huomba 511. Hii ina maana kwamba kwenye kerneli mpya, kuongeza `somaxconn` peke yake hakubadilishi kitu, kwa sababu nginx bado inaomba 511. Lazima uandike `backlog=4096` kwenye mstari wa `listen`, kisha uthibitishe kwa `ss -lnt` kwamba Send-Q imepanda. Ikiwa programu yako iko ndani ya kontena, kumbuka kuwa kontena lina `somaxconn` yake; uliyoiweka kwenye mashine mwenyeji haiingii humo yenyewe.

Kwa foleni ya kwanza kuna `net.ipv4.tcp_max_syn_backlog`, na kuna kinga iitwayo `tcp_syncookies`. Iache kinga hii ikiwa 1, kama ilivyo kwa kawaida. Foleni ikijaa, kerneli huendelea kuwajibu wageni bila kuwawekea kumbukumbu, na hivyo seva huhimili mafuriko ya maombi ya uongo ya aina hiyo. Usidhani hata hivyo kwamba mstari mmoja wa `sysctl` unazuia mashambulizi makubwa kama lile lililoukumba mfumo wa huduma za serikali wa eCitizen mwezi Julai 2023. Mafuriko ya kiwango hicho huzuiwa na mtoa huduma wa mtandao kabla hayajafika kwenye waya wako.

Kwa nini foleni hizi zimuumize zaidi mtu wa mbali? Ombi la kuunganishwa likidondoshwa, simu kwa kawaida husubiri sekunde 1 kabla ya kujaribu tena, kisha 2, kisha 4. Mara tatu mfululizo zikidondoka, sekunde 7 zimekwisha kabla hata ukurasa haujaombwa. Mwenye faiba hupambana na foleni yako tu. Wa Kisegi hupambana na foleni yako pamoja na paketi zinazopotea kati ya simu na mnara.

Lakini usirefushe foleni bila kikomo. Kama daktari ni mmoja na hafanyi haraka, kuongeza mabenchi hakumponyi mtu. PHP ikiwa na wafanyakazi 20 na kila ombi likichukua nusu sekunde kwenye hifadhidata, seva itahudumia maombi 40 kwa sekunde, hata foleni iwe ya 65,000. Wa mwisho katika foleni hiyo atakuwa amechoka kusubiri na kubonyeza tena, na kila anayebonyeza tena anaongeza ombi jipya huku seva ikilihudumia lile alilokwisha kuliacha.

Faili 1,024

Kwa Linux, kila muunganisho ni faili lililofunguliwa. Ukomo wa kawaida wa mchakato mmoja ni faili 1,024, na nginx inapokuwa wakala mbele ya programu nyingine hutumia faili mbili kwa kila ombi: moja la mgeni, moja la programu. Rudi kwenye hesabu ya mwanzo. Miunganisho 2,000 ya simu za polepole inaweza kudai faili 4,000.

Dawa yake ni `LimitNOFILE` katika faili la huduma la systemd, `worker_rlimit_nofile` katika nginx, na `worker_connections` inayolingana nazo. Faili 65,535 kwa mchakato zinatosha seva nyingi. Wengi huhariri `/etc/security/limits.conf` kisha wakashangaa hakuna kilichobadilika: faili hilo ni la watumiaji wanaoingia kwenye mashine, na huduma zinazoanzishwa na systemd hazilisomi. Thibitisha kwa kusoma `/proc/PID/limits`, ukiweka namba halisi ya mchakato mahali pa PID.

Simu mia, anwani moja

Anwani za IPv4 ni adimu, kwa hiyo kampuni za simu huwaficha wateja wengi nyuma ya anwani moja. Seva yako inaweza kuona simu mia moja za watu wasiojuana, kutoka Sindo hadi Muhuru Bay, zikiwa na anwani moja ya IP. Jambo hili linabatilisha ushauri wa aina mbili ambao bado unazunguka.

Wa kwanza ni kuwasha `tcp_tw_recycle` ili kupunguza miunganisho iliyo katika TIME-WAIT. Kigezo hicho kililinganisha mihuri ya muda ya paketi kutoka kila anwani, na paketi yenye muhuri wa nyuma ilitupwa. Simu mbili zilizo nyuma ya anwani moja hazina saa moja, hivyo moja iliingia na nyingine ikatupwa bila ujumbe wowote wa kosa. Msimamizi aliyejaribu kwa kompyuta yake hakuona tatizo lolote. Kerneli 4.12 ya mwaka 2017 ilikiondoa kabisa. Ukikuta makala inayokipendekeza, iache, pamoja na mistari yake mingine.

Wa pili ni kuzuia maombi kwa kila IP. Kikomo cha miunganisho kumi kwa anwani kinaonekana cha busara mpaka utambue kwamba anwani hiyo ni tarafa nzima. Siku ya matokeo ungekuwa umewafungia waliokuhitaji zaidi. Ukilazimika kuweka kikomo, tumia kitu kinachomtambulisha mtumiaji mwenyewe, kama nambari ya mtihani au kidakuzi cha kikao, na kikomo cha IP ukiache juu sana.

TIME-WAIT yenyewe isikutishe. Ni hali ya kawaida ya sekunde 60 baada ya kufunga muunganisho, na kwa wageni wanaokuja haili poti zako, kwa kuwa wote wanatumia 443. Vilevile, `tcp_fin_timeout` ambayo wengi huipunguza wakidhani inafupisha TIME-WAIT, hushughulikia hali nyingine kabisa, FIN-WAIT-2.

Poti huisha upande wa pili, pale nginx inapofungua muunganisho mpya kwenda kwenye programu au hifadhidata kwa kila ombi. Masafa ya kawaida ya poti za kutokea ni 32768 hadi 60999, yaani poti 28,232. Ukizigawa kwa sekunde 60 za TIME-WAIT, unapata miunganisho mipya 470 hivi kwa sekunde kwenda anwani moja na poti moja. Zaidi ya hapo, huduma inaweza kukwama. Unaweza kupanua masafa kwa `ip_local_port_range`, lakini tiba iliyo bora ni kuacha kufungua na kufunga: weka `keepalive` kwenye kundi la `upstream` katika nginx, au tumia soketi ya Unix programu ikiwa kwenye mashine hiyohiyo. Hapo poti hazihitajiki kabisa.

Umbali na paketi zinazopotea

Kanuni ya kawaida ya Linux ya kudhibiti msongamano, CUBIC, huichukulia paketi iliyopotea kuwa dalili kwamba njia imejaa, na hupunguza mwendo. Kwenye faiba dhana hiyo ni sahihi mara nyingi. Kwenye mawimbi dhaifu ya simu, paketi hupotea kwa sababu mtu ameingia nyuma ya ukuta au mnara unamhamisha, na kupunguza mwendo kunamwadhibu bila kosa. BBR, iliyotoka Google na kuingia katika kerneli 4.9 mwaka 2016, hukadiria upana wa njia na muda wa safari badala ya kuhesabu hasara peke yake. Kwa wageni wengi wa simu hiki ndicho kigezo kinachostahili kujaribiwa kwanza: `tcp_congestion_control = bbr` pamoja na `default_qdisc = fq`. Toleo lake la kwanza linaweza kuongeza paketi zinazotumwa upya na kuwabana majirani kwenye waya uliojaa, hivyo pima kabla na baada, na uwe tayari kurudi CUBIC.

Ukubwa wa bafa hauhitaji ujasiri mwingi. Zidisha kasi ya mteja kwa muda wa kwenda na kurudi: megabiti 20 kwa sekunde mara sekunde 0.2 ni megabiti 4, yaani kilobaiti 500. Ukomo wa kawaida wa `tcp_wmem` ni megabaiti 4, mara nane ya hitaji hilo, na kerneli hupanua na kubana bafa yenyewe. Anayeandika megabaiti 16 kwa kila muunganisho hamharakishi mtu wa simu. Anajiwekea tu hatari ya kumaliza kumbukumbu ya mashine wageni wa polepole wakiwa maelfu.

Kinachomsaidia mtu wa mbali ni kupunguza safari. Kwa HTTPS, salamu za TCP ni safari moja, TLS 1.3 ni moja, na ombi lenyewe ni moja. TLS 1.2 huongeza nyingine. Ikiwa safari moja ya kwenda na kurudi inachukua milisekunde 300, tofauti ya matoleo hayo mawili ni karibu theluthi moja ya sekunde kabla ya herufi ya kwanza kuonekana. Halafu, tangu mwaka 2011 Linux hutuma paketi 10 mwanzoni bila kusubiri jibu, yaani kama baiti 14,600. Ukurasa wa matokeo ukibanwa kwa gzip mpaka uwe chini ya kiasi hicho, unamfikia mwanafunzi kwa mkupuo mmoja. Nembo ya kilobaiti 300 iliyo juu ya ukurasa huo inaharibu kazi yote uliyoifanya kwenye kerneli.

Ongeza vigezo viwili vidogo. `tcp_slow_start_after_idle = 0` huzuia muunganisho uliotulia kidogo usianze mwendo upya kutoka chini; huwafaa wanaosoma ukurasa, wakafikiri, kisha wakabonyeza tena. `tcp_mtu_probing = 1` huokoa muunganisho pale paketi kubwa zinapopotea kimyakimya njiani.

Fikiria pia seva ilipo. Ikiwa wageni wako ni Wakenya na seva iko Ulaya, kila safari inavuka bahari kwenda na kurudi. Mwezi Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ya Afrika Mashariki ilizorota kwa siku kadhaa. Seva iliyo Nairobi, kwa mtoa huduma anayebadilishana data na wenzake kwenye kituo cha KIXP, haitegemei bahari kumhudumia mtu wa Homa Bay.

Wageni waliotoweka

Betri huisha, bando huisha, simu hupoteza mnara. Seva haipati taarifa, na nafasi inabaki imekaliwa na mtu ambaye hayupo. Kwa kawaida Linux husubiri sekunde 7,200, saa mbili nzima, kabla ya kuuliza kama upande wa pili ungali hai, tena kwa soketi zilizoomba kuulizwa tu. Usitegemee hilo. Katika nginx, vikomo vya kusoma kichwa cha ombi na kutuma jibu huanza na sekunde 60, na `keepalive_timeout` sekunde 75. Siku ya msongamano unaweza kushusha `keepalive_timeout` hadi 15 au 20. Usiishushe mpaka sifuri, kwa kuwa utamlazimisha mtu wa mbali kurudia salamu zote kwa kila picha. Kwa mifumo inayopokea ripoti, acha `client_body_timeout` iwe ya ukarimu. Hesabu yake huanza upya kila data inapoingia, hivyo inamkata aliyekwama na kumwacha mwuguzi anayetuma polepole.

Ukitumia ngome ya Linux au Docker, jedwali la conntrack nalo huhifadhi wageni waliotoweka. Muunganisho uliokamilika hukaa humo sekunde 432,000, yaani siku tano. Linganisha `nf_conntrack_count` na `nf_conntrack_max`. Zikikaribiana, ongeza ukomo na upunguze muda hadi saa moja au mbili.

Jaribu kabla ya siku yenyewe

Weka mabadiliko katika faili moja, tuseme `/etc/sysctl.d/90-wavuti.conf`, yapakie kwa `sysctl --system`, na kila mstari uuandikie sababu yake kwa maoni ya alama ya reli. Kwa seva nyingi faili hilo halizidi haya:

net.core.somaxconn = 4096
net.ipv4.tcp_max_syn_backlog = 4096
net.ipv4.tcp_syncookies = 1
net.core.default_qdisc = fq
net.ipv4.tcp_congestion_control = bbr
net.ipv4.tcp_slow_start_after_idle = 0
net.ipv4.tcp_mtu_probing = 1

Badilisha kimoja, pima, ndipo uende kwa kingine. Ukibadilisha saba kwa pamoja na mambo yakaharibika, hutajua umfukuze nani.

Majaribio ya mzigo kwa `wrk` au `k6` kutoka mashine iliyo chumba kimoja na seva hupima faiba tu. Weka mashine ya tatu katikati, ipitishe data, na uiwekee `tc` na `netem`: ucheleweshaji wa milisekunde 150, upotevu wa asilimia 2, kasi ya megabiti 1. Kisha rudia jaribio lilelile. Namba zitakazoanguka hapo ndizo zitakazoanguka siku ya matokeo. Halafu umpigie mtu aliye Kisegi, Karungu au Mbita, umwombe afungue ukurasa kwa simu yake ya kawaida na akuambie umechukua muda gani. Mtumie bando, kipimo chake kina thamani kuliko hilo.

Ukiwa na saa moja tu kabla ya msongamano, usianze na kerneli. Kwanza geuza ukurasa unaosomwa na wote kuwa faili lililoandaliwa tayari, lisiloigusa hifadhidata. Matokeo yaliyokwisha kutangazwa hayabadiliki kila sekunde. Pili, punguza uzito wake uingie ndani ya zile paketi 10 za mwanzo. Tatu, ongeza ukomo wa faili na `backlog` ya nginx. Nne, ondoa kikomo chochote kinachohesabu watu kwa IP. BBR na mengineyo yafanye wiki moja kabla, palipo na utulivu wa kupima na nafasi ya kurudi nyuma. Msongamano ukiisha, chukua vipimo vyako vya asubuhi na vya wakati huo, viweke pamoja na faili la `sysctl`, na umwachie atakayeitunza seva hiyo mwaka ujao.